Nataka kuunda fremuweki yangu ya violesura: nichore kila kitu mwenyewe, na nianzie wapi?

Swali: Kaka, mimi ni mtengenezaji wa programu, niko Mwanza. Nimefanya kazi na React Native ya Facebook, kisha Flutter ya Google, na nimechoka kufuata maamuzi ya watu wengine. Nataka kuunda fremuweki yangu ya majaribio, yaani msingi wa kujengea skrini za programu: niandike msimbo mara moja, programu ikimbie kwenye Android, Windows, Linux na kwenye kivinjari. Nimeshaanza kwa lugha ya Rust. Dirisha linafunguka, vitufe vinabonyezeka na vinapendeza. Sasa nauliza: nichore kila kitu mwenyewe au nitumie vitufe vya mfumo wenyewe? Na hatua inayofuata iwe ipi?

Jibu: Mdogo wangu, hongera kwa dirisha na vitufe. Ila nikuambie mapema, usije ukaniona mkatili huko mbele: hakuna kinachodanganya katika kazi hii kama kitufe. Hakijali lugha ya mtumiaji, hakizungumzi na kibodi, na kidole kikishaondoka hakikumbuki chochote. Ndiyo maana mtandaoni zimejaa fremuweki zenye vitufe vya kuvutia ambazo huwezi kuandika jina lako kamili ndani yake.

Kwa swali la kwanza, chora mwenyewe. Kwa la pili, achana na vitufe kwa sasa. Tengeneza kisanduku kimoja cha maandishi, halafu kiweke ndani ya orodha inayobadilika. Hapo ndipo utakapojua kama wazo lako lina mashiko au la.

Ubishi wa kuchora au kuazima ni wa zamani. Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na AWT, maktaba ya violesura ambayo kila kitufe chake kilikuwa na mwenzake halisi ndani ya Windows, Mac au Unix. Nia ilikuwa njema, programu ifanane na mazingira yake. Lakini AWT ilijikuta imebaki na vile vitu tu ambavyo mifumo yote ilikuwa navyo, na hata hivyo vichache havikuwa na tabia moja. Sun, wenye Java, wakageuza meza: Swing, iliyoingia rasmi kwenye Java 1.2 mwishoni mwa 1998, ikachora karibu kila kitu yenyewe. Watu wakalalamika kwamba ni nzito na inaonekana ngeni popote ilipo. IBM walipokuwa wakijenga Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, wakarudi kwenye vitufe vya mfumo kwa maktaba yao ya SWT. Tangu hapo watu wamekuwa wakizunguka mduara huohuo. React Native, iliyotoka 2015, huagiza vitufe halisi vya Android na iOS. Flutter huchora kila pikseli. Qt, ambayo toleo lake la kwanza la hadharani ni la 1995, huchora yenyewe huku ikiiga sura ya mfumo iliomo.

Kampuni yenye wahandisi wa kutosha inaweza kuchagua upande wowote na ikafika. Wewe uko peke yako na kompyuta moja. Ukiazima vitufe vya mfumo kwenye majukwaa manne, utatumia muda wako wote kujifunza desturi za majukwaa hayo, na jaribio lako litageuka kuwa la kuunganisha mabomba. Tena Linux yenyewe haina kitufe cha mfumo: kuna maktaba ya GTK, kuna Qt, na wenyewe hawaelewani. Ukichora mwenyewe, kosa likitokea hutokea kila mahali kwa namna ileile, na ukilirekebisha limeisha. Ila elewa unachokubali: kila ambacho kitufe cha mfumo kilikuwa kikifanya kimyakimya sasa ni juu yako. Kisoma skrini cha wasioona, menyu ya kunakili na kubandika, ukubwa wa fonti ambao mama yako ameuchagua kwenye mipangilio ya simu yake, namna orodha inavyoteleza ukiisukuma na kuachia. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini Flutter wameandika tabia mbili tofauti za kuteleza, moja ya Android na moja ya iOS, kwa sababu kidole kinaligundua kabla ya jicho.

Nirudi kwenye neno lako, "ya majaribio". Jaribio la nini hasa? Nauliza kwa sababu barua yako haisemi, na bila jibu la swali hilo utakuwa unaijenga Flutter upya, polepole, bila watu wa Google.

Flutter yenyewe ilianza kama jaribio. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa watengenezaji wa Dart, ilionyeshwa kwa jina la Sky. Waliokuwa nyuma yake walitoka kwenye kazi ya Chrome, na swali lao lilikuwa moja: ukiondoa mizigo ambayo kivinjari kimeibeba kwa miaka mingi, je, unaweza kuchora kwa kasi ya fremu (picha nzima za skrini) 120 kwa sekunde kwenye simu? Mengine yote waliyachukua yalipokuwa. Maktaba ya Skia ya kuchorea ilikuwepo, lugha ya Dart ilikuwepo. Hata hivyo toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Kama timu ya kampuni ile ilichukua miaka hiyo ikiwa na swali lililonyooka, wewe usiende na maswali sita kwa mpigo.

Mfano unaokugusa zaidi, kwa kuwa unaandika Rust, ni fremuweki iitwayo Druid. Raph Levien na wenzake wa kundi la Linebender walitaka kujua kiolesura kitaandikwaje katika lugha ambayo kila kipande cha data lazima kiwe na mmiliki mmoja. Wijeti za kawaida, yaani vipande vya kiolesura kama kitufe na kisanduku, hupenda kushikana mikono: mtoto anamjua mzazi, kitufe kinashika data ya programu, data inakijua kitufe. Rust haikubali ushirika huo. Druid ilijibu kwa kumpa kila mtoto dirisha dogo la kuonea sehemu yake tu ya data. Ilifanya kazi, watu wakaandika programu nayo, na mipaka yake ikaonekana. Mwaka 2022 Levien akaeleza muundo mpya, Xilem, na Druid ikasimamishwa. Wapo wanaousimulia huo kama msiba. Mimi nauona ni jaribio lililofanya kazi yake: liliuliza, likajibiwa, na kutoka kundi hilohilo leo unaweza kuchukua Vello ya kuchorea kwa GPU (chipu ya michoro) na Parley ya kupanga maandishi, bila kuandika hata mstari mmoja wa hayo.

Kama huna swali bado, nikupe moja ambalo ningependa mtu wa huku alishike: ni kiolesura cha aina gani kinachobaki laini kwenye simu yenye RAM ya 2 GB na chipu dhaifu ya michoro, bila kumlazimisha mwandishi wa programu awe mtaalamu wa kasi? Wakubwa wanalijibu kwa kusubiri simu ziwe nzuri zaidi. Sisi tuna sababu ya kutosubiri.

Sasa tuingie ndani. Jambo la kwanza litakalokusumbua ni utambulisho. Bila shaka utataka mtindo wa kisasa, ule React walioutangaza tangu 2013 na kufuatwa na Flutter, SwiftUI ya Apple ya 2019 na Jetpack Compose ya Android: mwandishi anaeleza skrini iweje kwa hali iliyopo, hali ikibadilika anaeleza upya, na fremuweki inatafuta tofauti. Maelezo ni ya muda, yanatupwa kila fremu. Lakini kuna vitu visivyopaswa kutupwa: kishale cha kuandikia kiko herufi ya ngapi, orodha imesogezwa hadi wapi, uhuishaji (mwendo wa vitu kwenye skrini) umefika nusu au robo. Vitu hivyo lazima vishikamane na kitu fulani, na swali ni kipi.

Chukua skrini ya duka. Kuna safu tatu, Sukari, Mchele, Maharage, kila moja ina kisanduku cha kiasi. Muuzaji amegusa safu ya pili na anaandika 15 kwenye Mchele. Ameshaandika 1. Wakati huohuo seva inaleta bidhaa mpya, Unga, na inakaa juu kabisa. Kama fremuweki yako inatambua vitu kwa nafasi zao, safu ya pili sasa ni Sukari. Kishale hakijaondoka safu ya pili. Ile 5 inaangukia kwenye sukari, na muuzaji anayeangalia kibodi wala si skrini hatajua mpaka ahesabu stoo jioni. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa, hakuna programu iliyoanguka. Data tu imeharibika.

React na Flutter hukabili hilo kwa ufunguo ambao mwandishi anaubandika kwenye kila safu. Compose huanza na mahali msimbo ulipoitwa, kisha hukuruhusu kuongeza ufunguo. SwiftUI hutofautisha utambulisho unaotokana na muundo na ule uliotajwa waziwazi. Hata mtindo mwingine kabisa, ule wa kuchora papo kwa papo kama wa maktaba ya Dear ImGui, haukwepi: wijeti hutambuliwa kwa maandishi yake, na vitufe viwili vyenye neno "Futa" mahali pamoja hugombana mpaka uvitofautishe mwenyewe. Hakuna njia isiyo na gharama. Ninachokuomba ni uandike, kabla ya msimbo, sentensi moja inayosema ni nini kinachofanya kitu cha fremu hii na kitu cha fremu iliyopita vihesabiwe kuwa kimoja. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, muundo haujaiva. Na kwa maoni yangu, fremuweki ya leo inapaswa kukataa kuchora orodha isiyo na funguo. Onyo la manjano kwenye konsoli hakuna anayelisoma.

Jambo la pili ni maandishi, na hapa sitakuwa mfupi.

Kiswahili cha herufi za Kilatini kinatudekeza. Hakina alama juu ya herufi, herufi hazibadiliki sura kwa kuangalia jirani zake, mstari unakwenda kushoto kwenda kulia. Mtu anaandika "Karibu" kwenye dirisha lake, linaonekana, anadhani maandishi yamekwisha. Mwambie abonyeze mara mbili neno ng'ombe. Kama ametenganisha maneno kwa kutafuta kila kisicho herufi, litachaguliwa "ombe" peke yake, na ng' itabaki nje. Kanuni za Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, za kutenganisha maneno, zilizo kwenye kiambatisho namba 29, zinajua kwamba alama hiyo ikiwa katikati ya herufi haivunji neno. Usiandike kanuni zako. Kiambatisho hichohicho kinakuambia herufi moja machoni pa mtumiaji inaanzia wapi na kuishia wapi; namba 14 kinakuambia mstari ukatwe wapi; namba 9 kinashughulikia mistari yenye mielekeo miwili. Hicho cha tatu si anasa. Mteja wako wa Zanzibar, au ndugu yake aliyeko Muscat, ataandika jina kwa Kiarabu na namba ya simu papo hapo, na namba ikiruka upande usio wake atadhani umekosea namba yenyewe.

Tazama pia kufuta. Emoji ya familia, yenye baba, mama na binti, mtumiaji anaiona kama kitu kimoja. Ndani yake kuna alama tano za Unicode: watu watatu na viunganishi viwili visivyoonekana. Kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi ambayo Rust inaitumia, ni baiti 18. Kwenye UTF-16, ambayo Java na Android zinaitumia, ni vipande 8. Kibodi ya Android ikikuambia futa kadhaa nyuma ya kishale, kwa kawaida inahesabu kwa vipande vya UTF-16. Ukichukua namba hiyo ukaikata moja kwa moja kwenye baiti za Rust, bahati yako ikiwa nzuri programu inaanguka palepale. Ikiwa mbaya inakata mahali ambapo kweli ni mpaka wa herufi, ila si ile iliyokusudiwa. Kwa hiyo mahali unapopakana na mfumo, pawe na sehemu moja tu inayobadilisha hesabu hizo, na isiwe zaidi ya moja.

Na kuhusu kibodi yenyewe: kwenye simu, kibodi ya skrini si kibodi. Halazimiki mtu aliyeiandika kukutumia tukio la kila herufi. Kinachotokea ni mazungumzo ya pande mbili kupitia kitu kinachoitwa InputConnection. Mtumiaji anaandika "nitakuja". Kibodi inasema: weka maandishi ya muda "n". Kisha: weka maandishi ya muda "ni". Kisha "nit", kisha "nita". Kila mara inataka maneno ya muda yaliyotangulia yabadilishwe, yasiongezewe. Fremuweki inayoongezea itaonyesha "nninitnita", na hitilafu hiyo utaikuta kwenye takriban kila mradi mchanga. Mtumiaji akichagua pendekezo, kibodi inasema thibitisha "nitakuja" pamoja na nafasi. Katikati ya hayo inauliza: kabla ya kishale kuna nini? Kishale kiko wapi sasa? Ukijibu uongo, au usipoitaarifu baada ya wewe mwenyewe kuhamisha kishale, kibodi inaendelea na picha iliyo kichwani mwake na maneno yanaanza kurudiwa.

Ugumu unakolea pale programu inapogusa maandishi mtumiaji akiwa bado anaandika. Kila programu ya malipo hapa kwetu inataka hivyo: mtu anaandika 1500000, skrini ionyeshe 1,500,000. Kila mkato unaouongeza unasogeza kishale, na eneo la maandishi ya muda linahama. Akirudi katikati na kufuta 5, mikato inahama tena, na kishale lazima kibaki kati ya tarakimu zilezile alizokuwa kati yake. Ukitaka kujua fremuweki ya mtu imekomaa kiasi gani, usiangalie ukurasa wake wa maonyesho. Andika shilingi milioni moja na nusu, rudi katikati, futa.

Kubadilisha herufi kuwa maumbo kuna maktaba ya HarfBuzz, na inatumika kila kona, kuanzia Android hadi Chrome na Firefox. Kutafuta fonti mbadala pale fonti yako inapokosa herufi ni kazi ya kuchosha. Parley imejaribu kuibeba. Azima.

Tatu, ufikivu. Hapa nitasema kama mzee wa mtaa: usiuahirishe. Ukichora mwenyewe, mfumo unaona dirisha lako kama picha tupu, na mtu asiyeona anayetumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, anaambiwa hakuna kitu. Dawa ni kujenga mti wa pili unaosema hiki ni kitufe, jina lake hili, kimezimwa au hakijazimwa, na kuukabidhi kwa mfumo. Maktaba ya AccessKit inaupokea mti huo mmoja na kuutafsiri kwa lugha ya Windows, ya macOS, ya Linux na ya Android. Sababu ya kutoahirisha ni ya kiufundi pia, si ya huruma tu: mti huo unahitaji utambulisho thabiti wa kila kitu, uleule wa sukari na mchele. Ukiuweka mwanzoni unakulazimisha uwe na muundo safi. Ukiuweka mwishoni unakuwa kiraka. Tazama Flutter kwenye kivinjari: kwa sababu za kasi, mti huo hauwashwi wenyewe, na mtumiaji wa kisoma skrini anapaswa kukuta kitufe kisichoonekana na kukibonyeza ili uwashwe. Wanajua wanachofanya, na bado wamefika hapo.

Mpangilio wa vitu kwenye skrini nitaupitia haraka, kwa kuwa majibu mazuri yapo. Kosa la kuepuka ni kuwapima watoto mara mbili. Mzazi akimpima mtoto mara mbili, na mtoto naye akampima wake mara mbili, ngazi kumi chini yake wijeti moja imepimwa mara 1,024. Mipangilio ya zamani ya Android iliyopachikwa ndani kwa ndani iliumia kwa hilo. Compose imeamua kukataa kabisa: ukijaribu kumpima mtoto mara ya pili katika mzunguko uleule inakurushia hitilafu. Flutter inapitisha mipaka kwenda chini, inapokea vipimo kurudi juu, na mzazi ndiye anayeamua nani akae wapi. Chukua kanuni hiyo kama ilivyo, au chukua maktaba ya Taffy ambayo tayari inafanya flexbox, mpangilio wa safu unaotumika kwenye wavuti, kwa Rust. Na majaribio ya mpangilio yafanye kwa fonti ya Ahem, ambayo herufi zake nyingi ni miraba mitupu ya ukubwa unaojulikana. Vinginevyo jaribio litapita kwenye kompyuta yako na kuanguka kwenye ya mwenzako kwa sababu ya tofauti ya pikseli moja ya fonti.

Kuchora kwenyewe ndiko vijana wanakokupenda, na ndiko ningekushauri utumie muda mdogo zaidi. Skrini ya 60 Hz, yaani inayojichora upya mara 60 kwa sekunde, inakupa milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na ndani ya hizo kuna kupima, kupanga, kuchora na GPU kumaliza kazi yake. Ya 90 Hz inakupa 11.1. Kinachoua ulaini kwa kawaida si wastani bali fremu moja mbaya. Flutter waliteseka na hili: sheda, yaani vile vijiprogramu vya GPU, zilikuwa zikitengenezwa mara ya kwanza zinapohitajika, kwa hiyo uhuishaji wa kwanza ulikwama na wa pili ukaenda vizuri. Waliandika injini mpya, Impeller, inayotayarisha sheda zake mapema wakati wa kujenga, na mwaka 2023 ikawa chaguo la kawaida kwa iOS. Funzo kwako ni la vitendo: sheda zako ziwe chache na zijulikane zote kabla programu haijafunguka. Pia pima kwenye simu ya bei ya chini, ambayo kati ya njia mbili za kuongea na GPU ina OpenGL ES ya uhakika na Vulkan ya kubahatisha. Nunua moja iliyotumika, iwe mezani kila siku. Kompyuta yako ya kazini haitakuambia ukweli.

Kivinjari kiache. Najua umekitaja, na najua WebAssembly, njia ya kuendesha msimbo kama wa Rust ndani ya kivinjari, inavutia. Lakini ukichora kwenye turubai ya kivinjari unapoteza kutafuta maneno kwa Ctrl+F, unapoteza kuchagua maandishi, unapoteza kisoma skrini, kisha unaanza kuvijenga upya kimoja kimoja. Na mtu analipia. CanvasKit, injini ambayo Flutter huchorea kwenye kivinjari, peke yake huongeza takriban MB 1.5 kabla programu haijasema neno, na mtumiaji wa bando la siku anaihisi hiyo. Ukishafika mbali na Android na Linux, rudi utazame. Hata Windows ningeisogeza mbele kidogo. Linux unayo mbele yako, Android ndiko watumiaji waliko.

Kwa hiyo programu yako ya kwanza iwe ile skrini ya duka, na si zaidi. Orodha moja, kisanduku kimoja kwa kila safu, safu mpya inayoingia juu kila baada ya sekunde chache hata kama mtu anaandika. Iwashe kwenye simu ile ya bei ya chini. Washa TalkBack uone kama inasoma. Peleka fonti ya mfumo kwenye ukubwa wa mwisho. Maneno kama "Mipangilio" na "Thibitisha malipo" yatakuonyesha haraka ni wapi uliweka upana kwa kukisia. Geuza simu ulalo katikati ya kuandika, maana Android kwa kawaida huibomoa Activity (skrini ya programu) na kuijenga upya, na kishale hakipaswi kupotea. Andika ng'ombe, andika familia, ifute. Haya yakipita, wijeti nyingine zote zitakuja kwa urahisi.

La mwisho ni la Rust hasa, na litakuokolea muda. Kwenye Android, winit, maktaba ya Rust ya kufungulia dirisha, inakupa njia mbili za kuingilia: NativeActivity na GameActivity. Mifano mingi ya mtandaoni hutumia NativeActivity kwa kuwa haihitaji msimbo wa Java wala Gradle (zana ya kujengea programu za Android), na vitufe vyako vitafanya kazi bila shida. Lakini haikupi yale mazungumzo na kibodi niliyoyaeleza. Unapata matukio ya vibonyezo vya kibodi tu, yale ambayo kibodi ya skrini hailazimiki kuyatuma. GameActivity inakuja na njia ya kupokea maandishi, kwa gharama ya kuongeza Gradle kwenye mradi. Ongeza Gradle sasa, kabla hujaandika mstari wowote wa kisanduku cha maandishi, maana kuhama baadaye ni kugusa karibu kila sehemu inayopokea kidole au herufi.